Waksi ipi ya kung'olea nywele inafaa kwapani kwenye baridi hii ya Uyole?

Wapendwa, naomba ushauri. Niko Uyole, Mbeya. Wembe nimeuacha, kwapa zilijaa vipele na vinyweleo vinavyoota kwa ndani. Nikajaribu waksi laini, ile ya kubandika kitambaa: miguuni safi kabisa, kwapani ikaniachia wekundu siku tatu. Ya sukari na ndimu napika mwenyewe na inatoka kwa maji tu, ila asubuhi za Juni hapa inagandia kwenye mwiko kabla sijaipaka! Sasa nafikiria ile ngumu ya punjepunje, inayobanduliwa bila kitambaa, maana inashika zaidi nywele kuliko ngozi. Mlioitumia, kwapani ikoje? Na mnaiyeyushaje bila mashine? Mimi nina jiko la mkaa tu, naogopa kuungua.