Wafuatiliaji wamejaa lakini hawatazami: tupeane uzoefu

MwalimuChaki: Wakuu, habari za humu. Leo mtu kaniandikia chini ya video: "Kumbe bado unafundisha? Nilidhani uliacha." Huyu alijiunga na chaneli yangu zamani na hajawahi kujitoa, na masomo ya hesabu napandisha kila wiki. Imenichoma. Wafuatiliaji ninao wengi, ila somo jipya likitoka wanaotazama ni wachache mno. Wenye chaneli, watu waliolala mnawafanyaje? Mnawaamsha au mnaachana nao?

DadaSindano: Umenigusa penyewe. Naweka kambi hapa.

FundiSaa: Mwalimu, kujiunga na kupata taarifa ni vitu viwili. Mtu akijiunga na chaneli YouTube, kengele yake kwa kawaida inakaa kwenye taarifa chache ambazo mfumo wenyewe unazichagua. Akitaka zote, lazima aiguse kengele na kuchagua zote. Kama simu yake kaifungia taarifa, hata hizo chache hazioni. Barua pepe za video mpya nazo walizisitisha Agosti 2020, wakasema zinazofunguliwa hazifiki asilimia 0.1. Huyo mtu wako hakukususia, hakupata habari.

Nyuki: Naunga mkono hoja.

Kipaza: Mada hii imenirudisha mbali. Tulikuwa watatu, chaneli ya kukarabati redio za zamani. Mimi nashika kamera, mmoja anatengeneza, wa tatu kazi yake kuitangaza chaneli. Ghafla wafuatiliaji wakaanza kupaa. Wenzangu wanashangilia, mimi moyo umegoma, kwa sababu watu wa redio nawajua: akija mgeni lazima aulize. Hiyo kapasita umeitoa wapi? Mbona umechomea upande ule? Sasa wageni wanamiminika na swali hata moja hakuna!

Asubuhi moja nafungua takwimu, idadi inaporomoka. Nikifungua tena, imeshuka tena. Akaunti hewa zilikuwa zinafagiliwa. Kumbe mwenzetu alizinunua kwa mtu wa mtandaoni bila kutuambia, na siku hiyo hiyo tuna kikao na mdhamini. Yule mama hata hakuuliza tuna wafuatiliaji wangapi. Akasema, "Nifungulieni watazamaji wanaorudi." Tukafungua. Akaangalia ule mstari ulivyolala chini, akafunga daftari lake, akatushukuru kwa muda wetu. Mwenzetu akazima simu na hatujasalimiana hadi leo. Kilichoniuma kuliko udhamini ni wale wazee wa redio waliokuwa nasi tangu mwanzo, wakaanza kutuita matapeli.

DadaSindano: Pole sana kaka. Chaneli bado ipo?

Kipaza: Ipo. Tulibaki wawili. Wazee kadhaa wamerudi, na maswali yao ndiyo yanatupa video.

Mizani: Kununua ni ubaya, sikatai. Ila mdogo anayeanza atatokaje? Nifuate nikufuate inasaidia kufika 1,000, halafu mengine yanafuata.

FundiSaa: Hapana ndugu, hiyo nayo sheria za YouTube zinaikataza. Na ukishafika 1,000 bado unadaiwa saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zako zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, ndipo upate mgao kamili wa matangazo. Aliyekufuata ili umfuate atakupa saa ngapi?

Mizani: Unaongea kama mtu aliyeshiba. Wengine tunatafuta pa kuanzia.

FundiSaa: Naongea hivyo kwa sababu sitaki uchoke bure.

Nyuki: Jamani, Mwalimu kauliza jambo lake. Mwalimu, pandisha video nyingi kwa siku, watakuona tu.

Kipaza: Usifanye hivyo. Mfuatiliaji mmoja anatumiwa taarifa zisizozidi tatu za video mpya za chaneli moja ndani ya saa 24. Na ukimchosha anaizima kengele kabisa. Fungua grafu ya video yako uone watu wanaacha kutazama sehemu gani. Yetu ilikuwa inakatika kwenye wimbo wa kufungulia. Tukautoa, tukaanza na redio mbovu inayokoroma, na mstari ukatulia.

DadaSindano: Mimi wanafunzi wangu wa ushonaji nina orodha yao ya barua pepe. Waliokaa kimya nataka kuwafuta.

Mizani: Usifute mtu! Leo kimya, kesho mteja.

Nyuki: Hapo sikubaliani na wewe. Barua zisizofunguliwa zikizidi, hata za walio hai zinaanza kutupwa kwenye taka. Dada, waandikie kwanza mistari miwili: bado unataka masomo haya? Asiyejibu mtoe kwa amani.

MwalimuChaki: Asanteni sana. Yule mtu nimemuuliza aliishia somo gani, kasema logi (logarithm) zilimshinda akakata tamaa. Nimepita komenti za zamani, wengi walikwama hapo hapo. Narekodi logi upya, polepole, na nitamjibu pale pale kwenye komenti yake ili apate taarifa.

DadaSindano: Nyuki, hiyo barua niitume baada ya kimya cha muda gani?

Nyuki: Kama unatuma kila wiki, miezi sita inatosha. Kama unatuma kwa msimu, subiri mwaka uishe.