Mgonjwa akihamishwa hospitali, historia yake ya damu imfuate au apimwe upya?

Mwenyeji wa Ngamiani: Jamani tujadili hili. Mdogo wangu ana selimundu (sickle cell), kaongezewa damu sana hospitali ya wilaya, juzi kahamishiwa nyingine. Cheti cha rufaa kimeandikwa "ameongezewa damu", basi. Chupa ngapi, lini, aliwahi kutetemeka na homa chupa ikiwa inashuka, hakuna. Yote yamebaki kwenye rejista kule. Kwa nini yasimfuate?

Mzee wa Maabara: Kundi la damu linapimwa upya hata uje na mihuri kumi, na kros-machi lazima, yaani kuchanganya damu ya mgonjwa na ya chupa kuona kama zinapatana. Mtu wa O ukimpa damu ya A unaweza kumuua. Kwa hiyo karatasi haina kazi kubwa, na tuseme ukweli, ndugu ndio wanaozipoteza njiani.

Bi Chumbageni: Wee kaka, nani anapoteza? Mie nimemleta mama toka Pangani, karatasi nimeifunga kwenye pindo la kanga, mapokezi wameichukua, jioni naulizwa mie iko wapi! Msitusingizie.

Kijana wa Duga: Bi mkubwa, si wote kama wewe. Wengine wanafungia vitumbua.

Bi Chumbageni: Mtu kapakia mwanawe ambulansi usiku wa manane ndo akumbuke vitumbua? Una mama wewe?

Raskazoni: Mie naogopa siri. Si zina majibu ya UKIMWI hizo, zikizagaa kwenye simu za watu itakuwaje?

Muuguzi Mstaafu: Hiyo ni damu ya mchangiaji mwanangu, inapimwa UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende kabla haijatoka. Historia ya mgonjwa ni kitu kingine. Na Mzee wa Maabara, kusema karatasi haina kazi nakataa. Anayeongezewa mara nyingi mwili unaweza kutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya chembe za damu za watu wengine, zikikaa miezi au miaka zinapungua mpaka kros-machi haizioni, akipewa tena damu yenye chembe za aina ile zinaamka, siku 3 mpaka 14 baadaye mkojo mweusi macho manjano, na kwa mtoto wa selimundu watu wanadhani ni ugonjwa wake ule ule. Hapo utapima nini upya?

Mzee wa Maabara: Dada, wilayani vitendanishi vya kutambua kingamwili tunavipata wapi? Tuandike nini?

Muuguzi Mstaafu: Tarehe, namba ya chupa, na mwili ulivyopokea. Kalamu inatosha.

Kijana wa Duga: Na jina je? Huku Mwanaidi, kule Mwana Iddi, kwingine Mwanaid, mtoto hana namba ya NIDA. Akipewa historia ya mwenziwe si ndo balaa zaidi?

Mwenyeji wa Ngamiani: Basi kesho naenda wilayani kupiga picha rejista mwenyewe.

Mzee wa Maabara: Huruhusiwi, mna majina ya watu wengine mle.

Bi Chumbageni: Basi mwandikieni nyie! Hamwandiki, hamtaki rejista ipigwe picha, halafu mgonjwa akiharibikiwa ndugu kapoteza karatasi.