Hobie 16 iliyotumika, Dart 18 au ngalawa? Naomba ushauri kabla sijatoa hela

MzeeWaMbezi88
Wakuu habari za jioni. Nataka chombo changu cha tanga, kidogo, cha kujifurahisha wikiendi. Kuna jamaa anauza katamarani (chombo cha tanga cha bodi mbili, yaani miili miwili iliyounganishwa), Hobie 16, ya zamani ila inang'aa. Mwingine ana Dart 18, nayo katamarani. Shemeji yangu ananicheka, anasema kwa hela hiyo nachonga ngalawa na chenji inabaki. Nichukue ipi? Natakiwa kujibu Ijumaa.

KusiKali
Bei gani? Utakiweka wapi? Una kilo ngapi? Unatoka na nani? Umewahi kushika usukani hata siku moja? Mkuu, umekwenda kwa daktari ukasema "nipe dawa" halafu ukanyamaza.

Fundi_Faiba
Na kung'aa si sifa, rangi inang'arisha hata jeneza. Nenda na kidole gumba. Bodi za Hobie 16 ni faiba nje, faiba ndani, katikati povu. Zikizeeka faiba inaachana na povu, hasa juu, mbele ya mlingoti. Bonyeza kila sehemu. Ikibonyea kama chupa ya maji, aga kwa heshima uondoke. Kisha kagua waya za mlingoti pale zinapoingia kwenye vifungo vyake. Ukiona uzi mmoja umekatika, hesabu waya mpya kwenye bei.

Mpemba_Asilia
Chonga ngalawa, bwana. Ikitoboka, kijiji kizima mafundi. Hiyo Hobie ikivunjika usukani unangoja meli.

bintiKilifi
Mimi nilianza na Hobie 16 huku Kilifi. Nina kilo 58. Mwezi wa saba, kusi limeshika, nikatoka peke yangu na maji yanakupwa. Kamba ya tanga kubwa nikaibana kwenye kibanio ili nipumzishe mkono. Upepo ukaja kwa ghafla, omo (pua ya chombo) ya upande wa chini ikazama, chombo kikaenda kichwangomba, nikarushwa hadi kwenye waya za mbele. Hobie 16 ndivyo zilivyo, zinapenda kuchimba omo.

Kukiinua, unasimama juu ya bodi ya chini, unashika kamba, unajilaza nyuma mpaka mgongo uguse maji. Nikajilaza. Mlingoti ukatoka majini kiasi cha mkono, ukarudi. Mara sita! Na maji yananipeleka nje kwenye mlango wa bahari. Aliyeniokoa ni mvuvi wa mtumbwi, pande la mtu. Alipanda akasimama nyuma yangu, akanishika kiuno bila hata salamu, tukajilaza pamoja, kikainuka. Kufika ufuoni, bodi moja ikatoa maji kama bomba lililoachwa wazi: mpira wa kizibo cha tezini, kule nyuma, ulikuwa umeoza. Nampigia aliyeniuzia, ananiambia, "Aa, hiyo huwa inalia kidogo."

Tanga_Jekundu
Ndiyo maana nasema Dart 18. Haina boriti chini ya tanga, kwa hiyo mgeni hapigwi kichwa kila akigeuza. Mihimili unaichomoa, bodi unazibeba moja moja. Hobie ukitaka kuigeuza kwenye upepo inasimama katikati kama punda.

bintiKilifi
Haisimami ukijua. Unaacha tanga dogo lishike upepo upande wa nyuma kwanza, linasukuma omo, ndipo unalihamisha. Na vipuri vya Hobie vinapatikana kirahisi kuliko vya Dart.

MzeeWaMbezi88
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Hobie ni milioni 9, wa Dart hajataja bei. Nitakiweka Kunduchi, safari zangu ni Mbudya na kurudi. Nina kilo 64, nitatoka na mwanangu wa miaka tisa. Uzoefu wangu ni boti ya kwenda Unguja. Nilitapika.

KusiKali
Wewe na mtoto hamfikishi hata kilo mia. Hobie 16 nzima ni kilo 145 hivi, na hapo tanga limelowa. Hamuinui. Tafuta mtu mzima wa pili, na boya la kufunga kichwani mwa mlingoti ili chombo kisijifunike kabisa. Mtoto asubiri kaskazi, asubuhi, na jaketi la uokozi linalomtosha.

Mpemba_Asilia
Ngalawa ina matengo mawili, zile mbao za pembeni za kuizuia isipinduke, haihitaji boya kichwani. Hizo katamarani zenu Mzungu kaiga kwetu.

KusiKali
Sheikh, ngalawa ni mwili mmoja na matengo mawili. Katamarani ni bodi mbili. Na neno lenyewe la Kitamil, magogo yaliyofungwa pamoja.

Mpemba_Asilia
Kwa hiyo magogo ya Wahindi, faiba ya Mzungu, milioni tisa za Mmbezi. Nimeelewa.

Fundi_Faiba
Na huo mwembe wa kuchonga ngalawa unaupata wapi siku hizi? Bamvua likikupwa Kunduchi, nani ataivuta ngalawa mchangani?

Mpemba_Asilia
Huvuti. Unatia nanga nje, unakwenda kunywa kahawa.

Tanga_Jekundu
Mzee, hilo eneo lina nyaya za umeme njiani? Mlingoti ukiwa umesimama unapita mita nane. Uliza kama ncha ya juu ni ya faiba au ni alumini mpaka mwisho, maana alumini inapitisha umeme.

MzeeWaMbezi88
Sijui mkuu. Picha aliyonitumia imekatwa juu.