Kijana akijirusha mbele ya kamera Lamu, nani mwenye haki ya kusema "hapana"?

Mtu wa Mkomani (mwanzisha mada)

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Amu, na nyinyi mlioko Mombasa na Nairobi. Jambo hili limenikaa rohoni tangu Kaskazi iliyopita, naomba tulijadili.

Binamu yangu ana miaka 22, ni baharia. Walikuja watu wa tamthilia wakamtaka awe badali wa steringi: apande mlingoti wa jahazi, apigwe "risasi", aanguke baharini. Mazoezi yalifanywa saa kumi jioni. Ilikuwa siku za bamvua, bahari hujaa sana na kukupwa sana, na saa ile maji yamejaa pomoni. Akaruka mara tatu, watu wakashangilia. Kesho yake mitambo ikawa tayari saa nne asubuhi, na kila mtoto wa Amu anajua saa nne ya bamvua bahari huwa vipi. Maji yalikuwa yamekupwa, hayapiti kifua cha mtu.

Yeye alijua. Nahodha alijua. Baadaye aliniambia: "Kaka, watu wote wale wanakutazama, jua linapanda, mwenye kamera anaangalia saa. Utasemaje?" Akaruka. Mtulinga ukavunjika na bega likatoka. Akapewa shilingi 3,000 alizoahidiwa, na nauli ya boti ya kumfikisha hospitali. Steringi aliyekuwa amekaa kivulini alikuwa na bima. Huyu hakuwa ametia sahihi hata karatasi moja.

Rai yangu: kaunti isikubali picha za hatari kwenye forodha, fukwe na majahazi yetu mpaka yapatikane mambo mawili. Kwanza, kijana wa hapa akatiwe bima kama anavyokatiwa steringi. Pili, awepo mtu mmoja, jina lake limeandikwa, mwenye mamlaka ya kusimamisha kamera. Kwenye filamu kubwa yupo, huitwa mratibu wa stanti, yaani wa michezo ya hatari. Semeni.

Wa Langoni

Pole sana kwa binamu yako, Mungu amponye. Lakini mimi ndiye ninayewapokea hao watu. Nawatafutia nyumba, mashua, punda, mpaka mpishi wa pilau. Wengi ni kikundi cha watu wanane, kamera mbili, siku tatu wameondoka. Ukimwambia mtu kama huyo alete mratibu kwa ndege mpaka Manda, amlaze, amlishe, atafungasha aende Watamu au Zanzibar. Kwenye picha jahazi ni jahazi tu, mtazamaji hajui ni la wapi.

Tumesahau? Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 wageni walitukimbia, na mwaka 2020 corona ikatufungia tena. Nyumba za wageni zilikaa tupu, manahodha wakauza mashine za boti. Leo mtu amerudi na kamera yake na pesa yake, tunampokea kwa masharti? Vijana wenyewe muulizeni nani anataka masharti hayo.

Mama wa Shela

Mimi sitaki hata hayo masharti, nataka waache. Na kabla ya huyo wa miaka 22, waulizeni kuhusu watoto. Nimewaona kwa macho yangu watoto wa madrasa wanaambiwa rukeni tena, rukeni tena, picha haikutoka vizuri, kisha wanapewa soda. Mzazi hakuulizwa. Aya inasema tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizi. Na kama lazima iwepo kazi hiyo, basi awe na cheti cha serikali kama dereva.

Wa Matondoni, niko Nairobi

Nimesoma nikashindwa kunyamaza, maana kazi yangu ndiyo hii, mwaka wa tisa sasa. Naanguka, napigana, naungua.

Tangu enzi za vibanda vya video tulifundishwa kwamba steringi hafi. Hafi kwa sababu anayeanguka ni mwingine, na huyo mwingine hafi kwa sababu kuna mtu alikesha akipima. Tukiangushwa kutoka dirishani, chini kuna maboksi ya kadibodi, matupu, tabaka juu ya tabaka, na magodoro juu yake. Boksi likibonyea ndilo linalokula kasi yako. Urefu ukizidi, unawekwa mfuko mkubwa wa hewa. Unatua kwa mgongo, si kwa miguu, ukitua kwa miguu magoti yatakupiga uso. Ya moto unapakwa jeli baridi, unavaa nguo za kuzuia moto tabaka kadhaa, unabana pumzi usije ukavuta moto mapafuni, na mnapatana mapema ishara ya kuzimwa. Wenye vizima moto wanasimama hatua chache, macho hayabanduki kwako.

Mwaka 1928 Buster Keaton aliangukiwa na ukuta mzima wa mbele wa nyumba mbele ya kamera, akabaki amesimama, kwa kuwa palipimwa mahali ambapo tundu la dirisha lingempitia. Watu wakaona ujasiri. Mimi nikiitazama naona futi kamba.

Kwa hiyo ya maji: kina hupimwa saa ile ile ya kuruka, si jana yake. Alichofanyishwa binamu yako hakina jina katika kazi yetu.

Bwana wa Langoni, usidhani mratibu akiwepo basi hatari imekwisha. Mwaka 2015 Olivia Jackson, badali wa steringi, alikuwa akiendesha pikipiki katika filamu kubwa iliyopigwa Afrika Kusini. Mtambo uliobeba kamera ulitakiwa kuinuka kabla hajafika, haukuinuka kwa wakati. Alipoteza mkono wa kushoto. Hao walikuwa na pesa, na bado. Sasa sisi tusio na kitu chochote?

Ila mama yangu wa Shela, kwa heshima, kwenye cheti sikubaliani nawe. Uingereza kuna daftari la wachezaji stanti, na huingii mpaka uthibitishe umahiri katika fani sita, katika kupigana, kuanguka, kuendesha, maji, wepesi wa mwili. Ni vizuri kwao, wana pa kujifunzia. Hapa Kenya wengi wetu tumetoka kwenye karate na sarakasi, chuo hakuna. Ukiweka sharti la cheti leo, kazi ya kuruka Lamu nitapewa mimi wa Nairobi, na kijana wa Shela atabaki kushika kamba ya boti. Hata wenye tuzo za filamu za Oscar, waliozianza mwaka 1929, ndiyo kwanza wamekubali kuipa fani yetu tuzo yake, na itatolewa 2028 kwa filamu za 2027. Tumechelewa kuonekana. Tusiongezewe mlango mwingine wa kufungiwa nje.

Kuhusu watoto nakuunga mkono asilimia mia. Mtoto asiruke.

Mzee wa Mkomani

Mwanangu wa Matondoni, umenena. Mimi nimeteza kirumbizi tangu ndevu hazijaota. Fimbo ni fimbo ya kweli, zumari linalia, ngoma imepanda, na mwenzako yuko mbele yako anakutafuta kichwa. Asiyejua atasema hawa wanauana. Lakini tulifunzwa mkono uende wapi na ukome wapi. Na pembeni wapo wazee wameketi. Akiona damu za vijana zimechemka, mmoja huinuka akaingia kati, basi. Hakuna amuulizaye kwa nini. Mtu huyo tulikuwa naye kabla ya kamera hazijafika Amu.

Sasa nauliza jambo, na mwanzisha mada asichukie. Nahodha aliyejua maji akanyamaza si mgeni. Huyo ni wetu. Mbona hujamtaja ila kwa neno moja?

Mtu wa Mkomani

Sichukii, mzee wangu. Nimemtaja kwa neno moja kwa sababu ni ami yangu. Alinyamaza kwa kuwa jahazi lilikuwa limekodiwa kwa siku nne na alikuwa na deni la tanga. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi ya bega lenyewe.

Na hapo naona nimekosea kidogo katika rai yangu, nakubali. Wa Langoni ana haki: mratibu wa kuletwa kwa ndege hatapatikana kwa kikundi cha watu wanane. Lakini kwa mambo ya baharini mjuzi tunaye tayari. Basi iandikwe kwenye mkataba wa kukodi chombo kwamba neno la nahodha kuhusu maji ni la mwisho, na akisema hapana, siku ile analipwa vilevile. Asiporuhusiwa kukataa bila kupoteza riziki, atakuwa ami yangu tena.

Ya bima siachi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima waajiriwa wake. Nilipoiuliza ile kampuni nikaambiwa kijana wa siku moja si mwajiriwa, ni mkandarasi. Mkandarasi gani, ambaye hakujua hata jina la tamthilia? Sheria hiyohiyo inahesabu ulemavu wa kudumu kwa mapato ya miezi 96. Binamu yangu hawezi kuvuta henza, kamba ya kupandishia tanga, mpaka leo, na kwa hesabu ya kampuni alifanya kazi asubuhi moja tu.

Wa Langoni

La nahodha nalikubali, na naweza kuanza kuliandika kwenye karatasi zangu mwezi huu, bila kungoja kaunti. La watoto pia, mama, nisamehe, nimeshawahi kuliona nikapita. Bima nitaulizia bei ya siku tatu kwa mtu mmoja, nitarudi hapa na jibu.

Lakini niambieni hili moja, nyote. Nahodha wa kwanza akisema hapana, na wa pili, aliyetia nanga hatua ishirini pembeni, akasema "mimi nitawapeleka", nifanyeje?