Waandaaji wa maonyesho ya biashara ya jumla wanatuuzia mabanda ya "kazi za mikono", kisha wanawapangisha humo wauzaji wa bidhaa za kiwandani

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Sisi tunaotengeneza hereni, mikufu, pete na bangili kwa mikono yetu tunalipia banda katika sehemu maalumu ya maonyesho ya biashara ya jumla kwa sababu moja tu: tumeahidiwa kwa maandishi kwamba sehemu hiyo ni ya mafundi wanaouza kazi zao wenyewe. Tukifika tunakuta banda la jirani limejaa makatoni ya hereni za kiwandani, kila jozi ndani ya kifuko chake cha nailoni, na msaidizi ameketi nyuma ya meza akibandua lebo za nchi zilikotoka kabla milango haijafunguliwa. Juu ya banda hilo pameandikwa kwa herufi kubwa kuliko zangu kwamba kila kitu kimetengenezwa kwa mikono.

Anayeuza rejareja ana nafasi ya kujitetea, kwa kuwa mteja husimama, huishika pete, huuliza imetengenezwaje na fundi humweleza. Kwenye maonyesho ya jumla mnunuzi ni mwenye duka, naye hana muda huo. Ana ukumbi mzima wa kuzunguka, na anachotaka kujua kwanza ni bei ya jumla, kima cha chini cha oda na siku ambayo mzigo utamfikia. Kwa yote hayo mwagizaji wa bidhaa za kiwandani ametushinda kabla hatujafungua mdomo. Fundi huenda kwenye maonyesho akiwa na sampuli. Oda huandikwa pale mezani, kazi yenyewe hufanyika baadaye karakanani, na mzigo hutoka baada ya wiki kadhaa. Jirani yangu alikuwa akimwambia kila aliyepita kwamba anaweza kupakia mamia ya jozi zinazofanana kesho yake asubuhi. Hiyo peke yake ingetosha kumwamsha mwandaaji aliye macho, maana hakuna meza ya sonara inayotoa mamia ya jozi kwa usiku mmoja.

Kuhusu bei, naomba wasioijua biashara hii wanielewe vizuri. Bei ya jumla ya fundi hujengwa kwa gharama ya fedha, dhahabu au shaba pamoja na mawe, kisha saa za kazi, kisha sehemu ya gharama za karakana, na mwisho faida kidogo. Mwenye duka naye, kwa desturi ya biashara hii, huizidisha bei hiyo mara mbili au zaidi ili apate bei ya rejareja. Kwa hiyo fundi anayeuza jumla ameshaachia nusu au zaidi ya kile atakacholipa mvaaji, na ameachia kwa hiari, akitegemea kwamba duka litarudi kuagiza tena msimu baada ya msimu. Anapoambiwa ashushe zaidi kwa kuwa banda la pili "lina kitu kilekile" kwa robo ya bei, hakuna faida iliyobaki ya kukata, na kinachokatwa ni ujira wa saa alizokaa na tupa na koleo mkononi.

Waandaaji wanapoulizwa hujibu kwamba kuna kamati ya uteuzi. Kamati hiyo ninaijua, kwa sababu nami hupeleka maombi kwake: huomba picha chache za kazi, maelezo mafupi na saini chini ya tamko kwamba bidhaa zote zimetengenezwa na mwombaji. Mwagizaji hununua vipande vichache vizuri kutoka kwa fundi wa kweli, au huviomba kwa ndugu, akavipiga picha, akakubaliwa, kisha siku ya maonyesho akajaza banda kwa vitu ambavyo kamati haikuviona kamwe. Baada ya milango kufunguliwa hakuna mjumbe hata mmoja anayepita kulinganisha picha na kilichoko mezani. Wanaopita ni wale wa mauzo, nao wanakuja na fomu za kukodisha banda la mwaka ujao.

Msiniambie kwamba ni vigumu kuamua kazi ya mikono ni ipi. Nchini Marekani mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho kuhusu vito na mapambo unaeleza wazi kwamba bidhaa isiitwe ya mikono isipokuwa uundaji wake wote kuanzia malighafi, pamoja na umaliziaji na urembo wake, umefanywa kwa kazi ya mikono na kwa njia zinazoongozwa kwa mkono, ambazo zinamwezesha fundi kubadilisha umbo na sura ya kila sehemu ya kila kipande. Bamba na waya vinahesabiwa kuwa malighafi, kwa hiyo hakuna anayemdai fundi achimbe fedha yake mwenyewe. Mwandaaji wa mahali popote angeweza kunakili kanuni ya namna hiyo katika mkataba wake kwa dakika chache.

Kukagua nako si kazi ya mtaalamu wa maabara. Mwombaji alete kipande ambacho hakijakamilika, aonyeshe risiti za waya na bamba, atume video fupi akilehemu pete au akipanga shanga. Ukumbini, mkaguzi achukue pete kumi za mtindo mmoja na kuzigeuza: zilizotoka kwenye kalibu moja zitakuwa na mstari uleule wa muungano na hata kishimo kilekile mahali palepale, ilhali za mkono hutofautiana kidogo katika kiungo cha lehemu na katika alama za tupa upande wa ndani. Sisemi kwamba kumimina metali iliyoyeyushwa kwenye kalibu ni dhambi. Wapo wenzetu wanaochonga wenyewe umbo la nta la kutengenezea kalibu, wakamimina na kusugua wenyewe, na hao ni mafundi kama mimi. Ninaowasema ni wale ambao kazi yao pekee kwenye pete ni kuitoa ndani ya kifuko.

Madhara hayaishii kwenye bei. Kwenye banda lile niliona bangili zenye muhuri wa 925, yaani fedha yenye sehemu 925 kwa kila 1,000, ilhali mahali rangi ilipokwaruzika shaba ya njano ilikuwa inaonekana kwa macho. Mwenye duka atakayenunua bidhaa za banda hilo atarudishiwa na wateja wenye vidole vya kijani, au wenye masikio yaliyovimba kwa sababu ya metali ya nikeli. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye kijiti cha hereni kinachopita sikioni kuwa mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na duka la huko likikamatwa na mzigo wa namna hiyo, litakalokumbuka ni kwamba liliununua "kwenye sehemu ya mafundi". Msimu unaofuata halitapita tena katika safu yetu, na hilo haliwezi kurekebishwa na punguzo lolote.

Wakati huohuo gharama zetu hazipungui. Malipo ya awali ya banda hayarudishwi, umeme unalipiwa peke yake, taa peke yake, na katika baadhi ya kumbi huruhusiwi hata kusukuma kreti yako mwenyewe, bali ni lazima umlipe mkandarasi wao kwa uzito. (Mapambo yenyewe yanaenea kwenye mkoba, kinachopimwa ni kabati za vioo.) Juu ya hayo, mtu hupita na simu, akapiga picha mitindo yako mipya, na msimu ujao unaikuta hiyohiyo kwenye banda la jirani ikiwa imemiminwa kwa wingi. Ukilalamika unaambiwa umtafute wakili.

Nililalamika papo hapo kwa msimamizi wa ukumbi. Alinijibu kwamba mwonyeshaji yule amesaini tamko, kwa hiyo upande wao wametimiza wajibu. Nilipomwomba aje aone makatoni, alisema atakuja, na hakuja. Baadaye niliandika barua nikidai sehemu ya ada yangu, nikajibiwa kwa kifungu cha mkataba kinachosema kwamba mwandaaji hawajibiki kwa bidhaa za waonyeshaji wengine. Kwa maneno mengine, tunatozwa ada ya kuchujwa, na mchujo wenyewe hauna mwenye kuwajibika.

Nimewaandikia tena kwamba sitalipa malipo ya awali ya msimu ujao mpaka mkataba uwe na kifungu cha ukaguzi ndani ya ukumbi siku ya kwanza, pamoja na cha kumwondoa anayekiuka bila kumrudishia ada. Kabla sijapokea majibu yao, nawauliza wenzangu mnaouza kwa jumla: kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuona mwonyeshaji akiondolewa kweli ukumbini kwa kosa hili? Kama yupo, naomba aeleze mkataba wao ulikuwa umeandikwaje na ni nani aliyefanya ukaguzi, kwa sababu nataka kuwapelekea mfano huo.