MJADALA: Tuzo za wanafunzi wa vyuo vikuu kwa uongozi na huduma kwa jamii, ziendelee au zifutwe?

Mkaguzi

Wakuu, naweka mada. Vyuo vikuu vingi hutoa tuzo kila mwisho wa mwaka wa masomo: kiongozi bora, mtumishi bora wa jamii, klabu bora. Msimamo wangu ni kwamba tuzo za mtu mmoja mmoja, kama zinavyoendeshwa sasa, zifutwe.

Kwanza, saa. Kigezo cha saa za kujitolea kinapendwa kwa sababu ni rahisi kuhesabu, basi. Kwenye tuzo ya rais ya kujitolea, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, vijana wa miaka 16 hadi 25 walikuja kupangiwa hivi: saa 100 ndani ya miezi 12 ni shaba, 175 ni fedha, 250 ni dhahabu. Saa 250 ni saa tano kila wiki kwa wiki 50. Mwanafunzi anayefanya kazi usiku ili alipe ada, au mwenye mtoto wa kulea, ameshaondolewa kabla ya kuchukua fomu. Tena saa hazitofautishi kazi. Saa nane za kugawa maji kwenye mbio za hisani na saa nane za kumfundisha mtu mzima kusoma ni kitu kimoja kwenye fomu.

Pili, cheo. Kiongozi wa serikali ya wanafunzi huja kwenye kamati na alama zake mfukoni. Ukisoma faili lake unakuta "aliongoza", "alisimamia", "aliratibu", na hakuna sentensi hata moja inayosema nini kilibadilika.

Tatu, motisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti chenye utepe. Wiki moja hadi mbili baadaye vifaa vilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Ukimwahidi mtu zawadi kwa jambo analolipenda, unamfundisha kuuliza zawadi iko wapi.

Bi Mratibu

Mkaguzi, utafiti wako umeunukuu nusu. Kulikuwa na kundi la tatu: watoto waliopewa cheti kilekile bila kuahidiwa mapema. Hao hamu yao haikupungua. Kilichoharibu ni ahadi, cheti chenyewe hakikuwa na kosa. Na tukitoka kwa watoto tukaja kwa watu wazima, mtafiti aitwaye Jana Gallus alichapisha mwaka 2017 jaribio alilofanya kwenye Wikipedia ya Kijerumani. Wahariri wapya zaidi ya 4,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa nishani ya heshima isiyo na senti. Waliopewa waliendelea kuhariri kwa kiwango cha takriban asilimia 20 zaidi ya wasiopewa. Hawakujua kama inakuja.

Kwa hiyo mimi natetea tuzo, ila zisitangazwe kama mashindano ya kujisajili. Wateuliwe na wengine. Mwanafunzi aambiwe jina lake limeingia pale tu anapoombwa ridhaa na ushahidi.

Kuna njia nyingine pia. Tuzo ya Duke of Edinburgh, iliyoanza Uingereza mwaka 1956, haina mshindi. Kila anayetimiza masharti anaipata, na ngazi ya dhahabu hudai miezi 12 ya kujitolea kwa mfululizo, kidogo kidogo. Anayepima kwa miezi humpa nafasi mtu mwenye saa moja tu kwa wiki. Anayepima kwa jumla ya saa humpa mwenye likizo ndefu.

Nguzo

Mnabishana kuhusu kutoa au kutotoa, na tuzo nyingi hufia kwenye jedwali la alama. Hili linafanya kazi kwa jumla ya 100: mabadiliko kwa waliohudumiwa 35, uendelevu baada ya mwanafunzi kuondoka 25, jinsi alivyowawezesha wengine kuongoza 25, tafakuri yake juu ya yaliyoshindikana 15. Cheo hakina alama. Saa hazina alama. Maelezo yasizidi maneno 600, maana kurasa zisipowekewa kikomo mshindi huwa mwandishi bora.

Sasa sehemu ambayo kamati nyingi hazioni. Tuseme wasomaji wawili wanasahihisha mafaili yaleyale. Wa kwanza ni mwoga wa alama, anawapa wote kati ya 60 na 72. Wa pili anatoa kuanzia 30 hadi 95. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili, unadhani wamechagua wote wawili. Kumbe aliyechagua ni yule wa pili karibu peke yake, kwa kuwa alama zake zimetawanyika na za mwenzake zimebanana. Dawa ni kila msomaji kupanga mafaili kwa nafasi, ya 1, ya 2, ya 3, kisha mjumlishe nafasi hizo. Nazo zina kasoro: huficha pengo, wa kwanza anaweza kumpita wa pili kwa unywele au kwa kilomita. Ndiyo maana nafasi zitumike kupata watano wa mwisho tu, halafu kamati ikae iwajadili kwa maneno.

Mkiwa na mafaili mengi hadi kila msomaji anasoma sehemu, kila faili lisomwe na watu watatu, na kabla ya kuanza wote wasome mafaili matatu yaleyale na kulinganisha alama. Bila hivyo, mwenye bahati ni aliyeangukia kwa msomaji mkarimu.

Jirani wa Chuo

Naandika kwa upande wa vituo vinavyopokea hao wanafunzi. Barua ya kituo si ushahidi, jamani. Msimamizi wa kituo anategemea wanafunzi warudi mwakani, wengine huja na magodoro na unga. Atasaini chochote. Mkitaka kuhakiki, pigeni simu, na msiulize "alifanya vizuri?" Ulizeni: kazi yake ipi ilibidi irudiwe baada ya yeye kuondoka? Nani anaifanya sasa? Mngempokea kwa miezi mitatu mingine, na mngempa kazi gani? Swali la mwisho ndilo linalofichua zaidi, kwa sababu mtu asiye na jibu la "kazi gani" hamkumbuki huyo mwanafunzi.

Halafu msimu wa fomu. Wanafunzi hufurika mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, na picha nyingi kuliko kazi. Wekeni sharti kwamba huduma iwe ilianza angalau miezi sita kabla ya uteuzi kufunguliwa. Na picha za wagonjwa au watoto zisipokelewe kabisa kwenye faili. Mkisema "picha si lazima" zitakuja. Semeni faili lenye sura ya mtu anayehudumiwa linarudishwa.

Karani

Mambo ya ushindani yamekaa sana kwenye uzi huu. Kuna suala la kumbukumbu. Uingereza, kamati ya elimu ya juu iliyoongozwa na Profesa Robert Burgess ilipendekeza mwaka 2007 kwamba mhitimu apewe ripoti pana ya mafanikio, siyo daraja la shahada peke yake. Katika ripoti hiyo kuna sehemu ya shughuli za nje ya darasa, na kinachoingia humo ni kile tu ambacho chuo chenyewe kimekihakiki.

Tatizo lake ni kazi ya mikono. Wanafunzi 2,000 wakileta shughuli tatu kila mmoja, na kila moja ikahitaji dakika 10 za uhakiki, ni saa 1,000 za karani. Hapo ndipo mfumo hulala na watu huanza kugonga mhuri bila kusoma. Njia inayowezekana ni kuhakiki nafasi badala ya mtu. Klabu isajili mwanzoni mwa muhula nafasi zake na masharti yake, mfano mweka hazina, vikao angalau robo tatu, hesabu zimekaguliwa. Mwisho wa muhula mlezi wa klabu analeta orodha moja ya waliotimiza. Karani anapokea orodha 60 badala ya madai 6,000.

Mkaguzi

Karani, hiyo naikubali bila ubishi. Kumbukumbu kwa wote ni haki. Bi Mratibu, kuhusu ahadi umenibana, lakini tuzo inayotolewa kila mwaka mwezi uleule ni ahadi hata msipoitangaza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ameshaona wa mwaka wa tatu akipigiwa makofi.

Na uteuzi na wengine una ugonjwa wake: klabu kubwa ina watu wengi wa kuteua. Mwanafunzi anayewasaidia wenzake wasioona kusoma vitabu, peke yake maktabani, anateuliwa na nani?

Bi Mratibu

Idadi ya wateuzi isihesabiwe. Uteuzi mmoja na uteuzi arobaini vifungue mlango uleule. Na kamati yenyewe iwatafute watu kwa makusudi: ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, wakutubi, walinzi wa hosteli, wauguzi wa zahanati ya chuo. Hao huona kazi isiyo na bango.

Kuhusu GPA, yaani wastani wa alama za masomo, iwe kizingiti tu, yaani mtu awe na hadhi ya kuendelea na masomo. Ukiipa alama, tuzo ya huduma inageuka tuzo ya pili ya taaluma. Nidhamu nayo: yahesabiwe mashauri yaliyokwisha kuamuliwa. Mkizingatia na tuhuma zinazoendelea, barua moja isiyo na jina wiki ya mwisho inamtoa mtu, na waandishi wa barua hizo hawakosekani palipo na siasa za uchaguzi.

Wajumbe watangaze uhusiano wao kabla ya kugawiwa mafaili. Mlezi wa klabu asimsome mwanafunzi wa klabu yake, na atoke chumbani, siyo kunyamaza tu.

Nguzo

Fedha mmeiruka. Ikitolewa, isiende kwa mtu, iende kwa kazi, kwa awamu mbili: sehemu kubwa sasa, iliyobaki baada ya mrithi wake kuleta taarifa ya muhula mmoja. Na mhakikishe watia saini wa akaunti hawahitimu wote mwaka mmoja. Miradi mingi hufa kwa hilo, fedha ipo benki na hakuna wa kuitoa.

Jirani wa Chuo

Na kamati iwe na ruhusa ya kutompa mtu yeyote. Iandikwe kwenye kanuni tangu mwanzo, na kiwango kitajwe: aliyepata chini ya 60 hapewi hata akiwa wa kwanza.

Mkaguzi

Hilo likiandikwa na likatumika hata mara moja, nitaondoa neno "zifutwe" kwenye hoja yangu. Ila niambieni ni mkuu gani wa chuo atakayekubali ukumbi umeshapambwa, mgeni rasmi ameshakaa, halafu kamati iseme mwaka huu hakuna.

Karani

Ndiyo maana maamuzi yafungwe siku 30 kabla ya sherehe, na siku 7 za kwanza ziwe za rufaa ya utaratibu pekee. Ukumbi upambwe baada ya hapo.