Tupeane uzoefu: klachi orijino au ya kampuni nyingine kwa gari iliyoongezwa nguvu?

Kanyaga Twende: Wakuu, jana napandisha mlima gia ya nne, nikakanyaga mafuta, injini ikalia, sindano ya mizunguko ikaruka juu, gari ikabaki na spidi yake ileile. Kisha ile harufu. Mnaijua, klachi inateleza na kuungua. Gari ni ya tabo, busti (presha ya hewa ya tabo) nilishaongeza, klachi ni iliyotoka nayo kiwandani. Fundi mmoja anasema nirudishie orijino, mwingine ananiambia nifunge ya mashindano. Waliopitia haya, tupeane uzoefu.

Fundi Taratibu: Rudishia orijino. Halafu mjue kampuni nyingi za magari hazitengenezi klachi zenyewe. Zinanunua kwa watengeneza klachi kina Exedy, Sachs na LuK, zinapiga nembo yao. Hiyo "orijino" na hiyo "ya nje" wakati mwingine zimetoka mlango mmoja.

Mama Gia Tano: Umenitonesha kidonda. Nilikuwa na gari ndogo ya tabo, nikaambiwa nguvu imezidi, nikafungiwa klachi ya paki sita za seramiki (vipande sita badala ya duara zima), haina springi katikati za kulainisha mshiko, presha pleti, ile inayoibana klachi, nzito. Barabara ikiwa wazi ilikuwa raha, ukiachia pedali inashika hapohapo. Foleni ndiyo iliyonifundisha. Seramiki haijui kushika nusu: imeshika au imeachia. Kila nikiondoka kwenye taa gari inarukaruka, na mguu wa kushoto unatetemeka mpaka nyonga. Nikavumilia miezi minane.

Siku moja nimesimama, pedali iko chini, nasikia injini inazidiwa kila nikikanyaga, inataka kuzima. Nikaenda kwa fundi mwingine, mzee wa makamo. Hakufungua kitu. Aliinama mbele, akasogeza bisibisi karibu na pulii, akasema, "Kanyaga, mwanangu. Achia. Kanyaga." Kisha akanyamaza. Akamkalisha kijana wake kwenye pedali, akaniita nione. Pulii inatoka nje, inarudi ndani. Krankishafti, shafti kuu ya injini, inatembea! Mwendo wake wa kawaida ni kama milimita 0.1 au 0.2, huwezi kuuona kwa jicho. Oili tulipoimwaga ilikuwa inameremeta. Beringi zinazoizuia kranki isisogee mbele na nyuma zilikuwa zimelika zote, na kranki imeanza kula bloku. Nilikwenda kutafuta klachi, nikapoteza injini.

Jirani wa Gereji: Pole sana dada.

Busti Tupu: Pole, lakini usiisingizie klachi. Ulikuwa unakaa foleni nzima umekanyaga. Presha pleti ngumu inahitaji kusukumwa kwa nguvu ili iachie, na msukumo huo wote unaishia kwenye beringi hizo. Ungetia fri ukaachia pedali.

Mama Gia Tano: Kaka, gari inasogea hatua moja moja, nitie fri mara ngapi? Na aliyenifungia hakunieleza hata neno.

Busti Tupu: Mimi na seramiki ni mwaka wa tatu huu, naenda nayo kazini kila siku, injini nzima. Asubuhi, kama gari yako inakubali, washa ikiwa fri bila kukanyaga klachi. Wakati ule oili bado haijafika kwenye beringi, unazisaga kavu.

Jirani wa Gereji: Hilo la asubuhi naliunga mkono.

Fundi Taratibu: Mnagombana, mwenye swali mmemsahau. Klachi usiipime kwa hospawa, ipime kwa toki, ile nguvu ya kusokota. Kama busti imeongeza toki kiasi tu, ipo ya katikati: pleti laini kama ya kiwandani, springi zipo, presha pleti imekazwa kidogo. Na kabla hujanunua chochote, mulika sili ya nyuma ya kranki. Oili ikivuja pale ikafika kwenye klachi, hata ya lori itateleza.

Gia Mbili: Hiyo ya katikati naipinga. Nilifunga, ikaungua wiki ya pili.

Jirani wa Gereji: Uliizoesha? Kama kilomita 800 za taratibu, kuondoka na kusimama, bila kuchochea?

Gia Mbili: Nilitoka nayo gereji nikaenda kujipima na jamaa.

Jirani wa Gereji: Basi jibu unalo.

Kanyaga Twende: Leo tumeshusha giaboksi. Sili kavu kabisa. Pleti imeisha mpaka ribiti zimegusa chuma, flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo klachi inashikia, ina madoa ya bluu na vijinyufa. Nikipitisha ukucha unanasa. Fundi anataka aikereze tu.

Mama Gia Tano: Ukucha ukinasa usikubali, mdogo wangu. Tafuta nyingine. Chuma hicho kinazunguka mara 6,000 kwa dakika karibu na miguu yako.

Fundi Taratibu: Na rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, usirudishe ya zamani, hata ikizunguka vizuri mkononi. Utashusha giaboksi mara mbili.

Kanyaga Twende: Nimechukua ya katikati, flaiwili mpya, beringi mpya. Odomita nimeipiga picha, hizo 800 nitazihesabu.

Busti Tupu: Utarudi kwenye seramiki.